Lambo la mifugo: lisivuje, lisijae tope

Kabla hujampigia simu mwenye kijiko, yaani mashine ya kuchimbia, chukua sururu na chepe ukachimbe shimo la majaribio. Mwenye kijiko analipwa kwa saa, na hana haja ya kukwambia kwamba hapo ulipopachagua hapashiki maji. Shimo lipite kina unachokusudia kwa mita moja: ukitaka lambo la mita tatu, shuka hadi nne. Huku kwetu Kishapu, mkoani Shinyanga, unaweza kuanza na udongo mweusi wa mbuga, mzuri kabisa, ukifika mita mbili na nusu ukakuta mchanga mnene. Ukiufikia huo mchanga kwa kijiko, maji yako yote yanapitia hapo.

Wasukuma tuna majina ya udongo yanayotosha kwa kazi hii. Luseni ni ule wa kichanga wa kwenye miinuko. Uachie karanga na mihogo. Mbuga ni ule mweusi wa bondeni, unaopasuka kiangazi. Huo ndio tunaoutafuta. Kati yao pana itogolo, mgumu na wa kijivu, na huo unadanganya watu wengi. Ukiulowesha unateleza kama mfinyanzi, kumbe mara nyingi una chumvichumvi inayoufanya uyeyuke. Upime hivi: mimina maji ya mvua kwenye glasi, dondosha kidonge cha udongo mkavu chenye ukubwa wa punje ya hindi, usikikoroge. Rudi baada ya nusu saa. Kama kimelala chini, hata kama kimevunjika vipande, na maji yamebaki maangavu, endelea. Kama pembeni yake pana wingu kama la maziwa, usijengee tuta la kuzuia maji udongo huo. Maji yatatoboa kijishimo cha kidole, na mvua moja kubwa itakifanya mlango.

Pima pia kushika maji. Jaza lile shimo la majaribio jioni, lisubiri linywe, lijaze tena kesho yake, halafu uone linapungua kiasi gani hadi asubuhi inayofuata. Kujaza mara moja tu hakukuonyeshi kitu, kwa sababu udongo mkavu hunywa kwanza.

Sasa hesabu, ambayo wengi wanairuka. Ng'ombe wa kienyeji kiangazi mpe lita 25 kwa siku, mbuzi au kondoo lita 4. Mwenye ng'ombe 50 na mbuzi 100 anatumia lita 1,650 kwa siku. Kuanzia Mei hadi Oktoba ni kama siku 180, kwa hiyo anahitaji mita za ujazo 297. Ukiishia hapo utachimba lambo dogo, kwa kuwa jua nalo linakunywa. Katika nchi kavu kama yetu maji yaliyo wazi hupungua karibu milimita 6 kwa siku, na kwa miezi hiyo sita ni zaidi ya mita nzima. Ndiyo maana lambo pana lenye kina cha mita moja na nusu ni la kuangalia tu. Mwezi wa nane linakuwa uwanja wa mpira.

Chukua lambo la mita 22 kwa 22 juu, kina mita 3, kuta zikilala mita mbili kwa kila mita moja ya kushuka. Chini linabaki mita 10 kwa 10. Jumla yake ni mita za ujazo 804. Mita ya juu, inayoliwa na jua, ina kama 400. Zinabaki 400 nyingine: 297 za mifugo, zilizosalia ni za tope na za kuvuja. Dereva wa kijiko atataka kusimamisha kuta wima kwa sababu ni haraka. Mkatalie. Ukuta wima wa udongo mweusi ukilowa hudondoka wenyewe, na mtoto au ndama akitumbukia hana pa kupandia.

Udongo unaotoka usirundikwe ukingoni, maana mvua ya kwanza inaurudisha ndani. Acha njia ya mita mbili tatu kati ya ukingo na tuta. Tuta lipangwe kwa tabaka la sentimita 15 hadi 20, udongo ukiwa na unyevunyevu, kila tabaka lishindiliwe. Kwanza ondoa majani na udongo wa juu wenye mizizi, kwa sababu mzizi ukioza ndani ya tuta unaacha mrija. Kwa sababu hiyohiyo usipande mti wowote juu ya tuta. Panda ukoka.

Utoro, yaani njia ya maji ya ziada, uamuliwe kabla ya tuta halijapanda. Uuweke pembeni, kwenye ardhi ambayo haijachimbwa, uwe mpana na bapa, wenye majani, na tuta lizidi kimo chake kwa angalau sentimita 60. Malambo niliyoyaona yakipasuka yalikuwa na utoro mwembamba, au mwenyewe aliuziba ili apate maji zaidi.

Kuhusu maji ya kuingia: hekta moja ya ardhi inayotiririsha, mvua ikiwa milimita 700 kwa mwaka na sehemu ya kumi tu ikafika kwako, inakupa mita za ujazo 700. Hekta tatu zinakutosha hata mwaka mbaya. Usitamani korongo. Korongo linaleta maji ya kijiji kizima pamoja na mchanga wake, na kulizuia ni jambo la kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde. Sisi tulio upande wa mto Manonga tuko chini ya Bonde la Kati, ofisi iko Singida. Maji yanayopita kwenye josho nayo yaelekeze kwingine, dawa ya kupe si ya kunywa.

Huko yanakotoka maji ndiko lambo linakopona au kufa, na hapo nina ugomvi na majirani. Mtu anatumia mamilioni kuchimba, halafu hatua thelathini juu yake analima pamba, matuta yakishuka moja kwa moja hadi kwenye maji. Misimu michache tu, nusu ya kina imekwenda. Juu ya lambo langu ni ngitili. Wasiotoka huku wajue kwamba ngitili ni malisho yanayofungwa tangu masika ili majani yawepo kiangazi. Mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulioanza mwaka 1986 uliyafufua mengi mkoani Shinyanga. Walihesabu kuni, malisho na asali. Mimi naongeza maji masafi, kwani maji yakipita kwenye majani marefu mchanga unabaki hukohuko.

Hata ukiwa na ngitili, chimba shimo la kutegea tope kabla ya mlango wa lambo: mita tatu kwa mbili, kina mita moja, na mawe yapangwe pale maji yanapoangukia. Lisafishwe kila kiangazi. Tope lake, lenye samadi iliyosombwa, lipeleke kwenye bustani.

Ng'ombe wasiingie. Hili halina mjadala. Ng'ombe akisimama kwenye maji anakanyaga ukingo, anajisaidia, na konokono wanaobeba minyoo ya ini wanapenda sana matope ya namna hiyo. Kichocho cha watoto nacho kinapitia kwa konokono, basi wasiogee humo. Zungushia minyaa, inaota kwa vijiti tu na mbuzi haigusi. Birika lijengwe mita 30 chini ya lambo, urefu wa kwenda juu sentimita 50 kwa ng'ombe, na upande mmoja ushushwe kwa ajili ya mbuzi na ndama. Tandaza mawe kuzunguka birika mita mbili, la sivyo utapata dimbwi lingine la matope. Pampu ya kukanyaga inatosha kundi la kawaida. Ya sola ni nzuri kama una pa kuilinda usiku.

Lambo jipya huvuja kidogo mwaka wa kwanza, usihangaike. Ukishuku linavuja zaidi, fukia ndoo ya maji ukingoni mpaka karibu na mdomo, ifunike kwa wavu wa kuku, na usimike kijiti chenye alama ndani ya lambo. Fanya hivyo wiki ambayo hunyweshi. Kilichopungua kwenye ndoo ni cha jua; lambo likipungua zaidi ya hapo, tofauti imekwenda ardhini. Dawa yake ngojea likauke. Sambaza udongo wa kichuguu sentimita 15, changanya na samadi, mwagia maji, kisha ingiza ng'ombe wakanyage mpaka uwe ujiuji mzito. Ni siku hiyo tu ng'ombe wanapata ruhusa ya kuingia. Na likishakaa sawa, jitahidi chini lisikauke kabisa, kwa sababu udongo wa mbuga ukipasuka unafungua nyufa ndefu.

Watu huniuliza kuhusu samaki. Perege weka, ukijua kwamba unawavua wote mwezi wa nane maji yangali mengi, kabla hawajaanza kufa na kunuka. Kambare sitaki: anachimbua tope, maji hayatulii, na kichujio cha pampu kinaziba kila siku.