Somo: Jinsi ya kuipatia maktaba yako huria ya programu watu wa kuijenga

Mwaka 2014, kasoro ya usalama iitwayo Heartbleed ilipogunduliwa ndani ya OpenSSL, wengi walishtuka kusikia kwamba maktaba hiyo (msimbo, yaani maandishi ya programu, ambao programu nyingine huutumia) inayolinda mawasiliano ya sehemu kubwa ya intaneti ilikuwa na mtu mmoja tu aliyeifanyia kazi muda wote. Watumiaji walikuwa wengi mno, wajenzi karibu hawakuwepo. Ukitaka wako wawepo, anza hivi.

Hatua ya 1. Weka leseni, yaani ruhusa ya maandishi ya kutumia na kubadilisha msimbo: MIT, Apache 2.0 au GPL. Bila leseni, haki zote zimebaki kwako na mtu makini hatagusa msimbo wako.

Hatua ya 2. Chukua kompyuta isiyo na chochote, ufuate README yako (faili la maelezo ya kuanzia) neno kwa neno hadi majaribio yote yapite. Utakapokwama, rekebisha maelezo hapo hapo. Mgeni ana jioni moja tu ya kukupa. Ikiishia kwenye kusimika programu, hutamwona tena.

Hatua ya 3. Waachie wageni kazi ndogo ndogo bila kuzimaliza mwenyewe. Taja faili la kubadilisha, tokeo linalotakiwa na jaribio la kuthibitisha. Inauma, maana ungeimaliza kwa dakika kumi na sasa unatumia nusu saa kuieleza. Ieleze tu.

Hatua ya 4. Hapa ndipo miradi mingi hupoteza watu. Mchango wa kwanza ukifika, jibu ndani ya siku mbili, hata kama ni "nimeuona, nitaupitia Jumamosi". Ukiupitia, tenganisha kosa halisi na mapendeleo yako. Nafasi na mabano iachie programu ya kupanga msimbo. Kosa dogo la tahajia sahihisha mwenyewe, kisha uunganishe mchango kwenye mradi. Toleo jipya likitoka, jina la aliyechangia liwemo kwenye maelezo ya toleo. Nimeona watu wakirudi kwa sababu hiyo peke yake.

Hatua ya 5. Gawa funguo, yaani madaraka juu ya mradi, kidogo kidogo: kwanza kuchambua ripoti za hitilafu, kisha kupitia michango, mwisho kuunganisha. Masharti yaandikwe. Guido van Rossum, aliyeiunda lugha ya programu ya Python, alipoachia uongozi wake mwaka 2018, jumuiya ilikuwa na uwezo wa kuamua yenyewe, na mwaka 2019 ikachagua baraza la watu watano.

MASWALI

Swali: Mwalimu, nikigawa funguo si nitamkaribisha mwizi?

Jibu: Hofu yako ina msingi, ndugu. Kwenye xz, programu huria ya kubana faili, akaunti moja ilichangia kwa subira, ikapewa madaraka, na mwaka 2024, baada ya zaidi ya miaka miwili, ikabainika imepachika mlango wa siri. Lakini angalia: mtunzaji (msimamizi wa mradi) alikuwa peke yake, amechoka, na anashinikizwa. Kwa hiyo kila badiliko lipitiwe na mtu wa pili, na faili za toleo (zile watu wanazopakua) zitengenezwe hadharani kutoka kwenye hazina ya msimbo. Sehemu ya mtego ule ilikuwa kwenye faili za toleo tu, haikuwa kwenye hazina.

Swali: Mimi bado najifunza kuandika msimbo. Nina nafasi?

Jibu: Kubwa. Chukua ripoti ya hitilafu ya zamani, jaribu kuizalisha upya, uandike toleo ulilotumia na ulichokiona. Umempunguzia mtunzaji nusu ya kazi.

Swali: Na mchango nisioutaka?

Jibu: Kataa mapema na utoe sababu. Ukiuacha miezi sita bila neno, mwenzako ataendelea kuusubiri.