Somo: namna ya kusoma mkataba wa serikali ya wachache

Wadau, chama tawala kikikosa nusu ya viti wengi wanasema serikali itaanguka kesho asubuhi. Sio lazima, inategemea wameandikishana nini na nani. Nitatumia zaidi Australia ya 2010, kwangu ndo mfano unaofundisha kuliko yote.

Hatua ya 1. Hesabu viti. Bunge la chini lilikuwa na viti 150 kwahiyo unahitaji 76, chama cha Labor cha waziri mkuu Julia Gillard kilikuwa na 72. Akampata Adam Bandt wa chama cha Greens na wabunge huru watatu, Andrew Wilkie, Tony Windsor na Rob Oakeshott. Zikatimia 76, basi.

Hatua ya 2. Angalia wameahidi kura zipi. Kawaida ni mbili tu, bajeti na kura ya imani (ile ya kuamua serikali ibaki au ianguke), kwingine kote wako huru. Uingereza wabunge 10 wa DUP, chama cha Ireland Kaskazini, walimshikilia waziri mkuu Theresa May kuanzia 2017, lakini tarehe 15 Januari 2019 waliupiga chini mpango wake wa Brexit (kutoka Umoja wa Ulaya) akashindwa kwa 432 dhidi ya 202, halafu kesho yake kwenye kura ya imani walewale wakamwokoa, 325 kwa 306. Ahadi ya kura ya imani waliitimiza!

Hatua ya 3. Tenganisha ahadi ya sera na mabadiliko ya utaratibu wa bunge, hapa someni polepole. Wilkie aliahidiwa sheria ya kubana mashine za kamari. Novemba 2011 Peter Slipper akatoka upande wa upinzani akawa Spika, upinzani ukapungukiwa kura na hesabu ya serikali ikapumua, na Januari 2012 Gillard akaachana na ile ahadi, Wilkie akaondoa mkono wake na serikali ikaendelea tu. Sasa angalia Windsor na Oakeshott, wao walidai bunge lenyewe libadilishwe: swali lisizidi sekunde 45, jibu dakika 4, miswada ya wabunge wa kawaida ipewe muda na ipigiwe kura kweli, na bunge liwe na ofisi yake huru ya bajeti, ya kukokotoa gharama za sera. Ofisi hiyo ilianza 2012 na ipo mpaka leo.

Hatua ya 4. Angalia nani anaweza kujitoa na lini. Canada, chama cha NDP na Justin Trudeau, waziri mkuu wa wakati huo, walikubaliana Machi 2022 kwenda hadi 2025, kiongozi wa NDP Jagmeet Singh akajitoa Septemba 2024, ila mpango wa matibabu ya meno aliokuwa anaupigania ulishaanza.

MASWALI

Swali: Hii si ndo serikali ya mseto?
Jibu: Hapana. Mseto mnagawana uwaziri, kama Nick Clegg alivyokuwa naibu waziri mkuu wa David Cameron 2010. Huku unabaki nje ya baraza.

Swali: Wakikugeuka unaenda mahakamani?
Jibu: Huendi kokote ndugu, ni makubaliano ya kisiasa, silaha yako ni kura yako bungeni. Na kura hiyo ina nguvu pale tu ambapo hawana nyingine, muulize Wilkie.

Swali: Mkuu, hata sheria si inafutwa serikali ikibadilika?
Jibu: Inafutwa ndio. Bunge lile la Gillard lilipitisha sheria zaidi ya 500, na ile ya bei ya kaboni ya 2011 (wachafuzi walipie hewa chafu wanayotoa) Tony Abbott, waziri mkuu wa baadaye kutoka upinzani, aliifuta 2014. Ofisi ya bajeti haikuguswa, maana kila chama kikiwa upinzani kinaihitaji kupigiwa hesabu za sera zake.