Bastola mpya ya muundo wa 1911: kagua magazini kwanza

Kwa wenye leseni hapa Nairobi mnaovutiwa na bastola mpya za muundo wa John Browning, ule uliopokelewa na jeshi la Marekani mwaka 1911: mng'aro wa chuma usiwadanganye. Siku hizi zinatengenezwa Marekani, Uturuki, hata Ufilipino, na ubora unatofautiana sana. Ikikwamakwama pale uwanjani kwenye shabaha, anza na magazini, kile kisanduku cha risasi kinachoingia kwenye mpini, kabla hujalaumu bastola. Midomo yake, yaani kingo za juu zinazoshika risasi, ikipinda kidogo tu, risasi hupanda kombo na kugota chini ya tundu la mtutu. Jaribu magazini nyingine. Tena muundo huu ulizaliwa na risasi za ncha ya mviringo. Za ncha tofauti huenda zikagoma kupanda.