Kabla hujapanda jukwaani na Launchpad: kagua taa, usikague mlio peke yake

Kama unapiga muziki kwa Launchpad, kile kifaa cha vitufe vyenye taa, ukiiendesha na Pure Data, programu ya kompyuta ya kuunganisha viboksi kwa waya, shika hili kwanza: kitufe hakijiwashi. Ukikibonyeza kinatuma noti kwenye kompyuta, basi. Taa inawaka pale tu pachi yako, yaani mchoro wako wa viboksi na waya, inaporudisha noti kwenye kifaa, na velositi ya hiyo noti, namba ya nguvu yake, ndiyo inayochagua rangi. Njia ni mbili, ya kwenda na ya kurudi, na moja inaweza kufa nyingine ikiwa nzima. Vijana wengi hapa Mwanza wakishasikia mlio wanafunga begi. Usifunge.

Beba kebo mbili. Ukishapanda kivuko kwenda Nansio, kebo uliyoiacha nyumbani haitakufuata.

Chomeka Launchpad moja kwa moja kwenye kompyuta. Hab ya USB isiyo na umeme wake inagawana umeme mdogo, na taa ndizo zinazokula.

Kwenye Windows, funga programu nyingine ya muziki kama Ableton Live kabla ya kufungua Pure Data. Kwa kawaida programu moja ikishaushika mlango wa MIDI, yaani njia ya noti kati ya kifaa na kompyuta, nyingine inanyimwa.

Jua toleo lako. Launchpad ya kwanza, ya 2009, ina nyekundu, kijani na michanganyiko yake tu, na vitufe vyake vinahesabiwa kwa kuruka: mstari wa juu ni 0 hadi 7, wa pili unaanzia 16, si 8. Launchpad X ukiiweka kwenye hali ya Programmer, ile inayoiachia pachi yako taa zote, inaanza na 11 chini kushoto na kuishia 88 juu kulia. Ukichukua pachi ya mwenzako mwenye toleo jingine, taa zitawaka mahali usipopategemea na utadhani kifaa kimeharibika. Kifaa ni kizima. Namba ndizo si zake.

Kitufe kikiwaka kwa rangi ya kitufe kilichotangulia, angalia mpangilio wa kutuma. Kiboksi cha noteout, kinachotuma noti nje, kinafyatua pale namba ya noti inapoingia kushoto, kwa hiyo velositi lazima iwe imeshafika. Tumia trigger, kiboksi kinachopanga nini kitangulie, usitegemee bahati ya jinsi ulivyochora waya.

Sasa hili la chaneli, yaani namba ya njia ambayo noti inapitia, na naomba ulisome taratibu. Kijana mmoja ninayemfahamu alialikwa kupiga kwenye sendoff, ukumbi mmoja wa Kirumba. Mchana alijaribu kila kitu, taa zote sitini na nne zikaitika. Jioni fundi mitambo akaleta kinanda, wakakichomeka kwenye kompyuta ileile, na kwenye mipangilio ya MIDI wakakiweka nafasi ya kwanza, Launchpad ikashuka ya pili. Bibi harusi mtarajiwa anaingia, kijana anabonyeza: ngoma inalia, taa giza tupu. Mbaya zaidi, kila alipobonyeza, kinanda kilicho pembeni, hakuna aliyekigusa, kilitoa noti nzito ya chini. Fundi akadhani kinanda ni kibovu, akakizima. Kijana akamaliza shughuli kwa kukisia vitufe gizani, shati limelowa.

Kinanda hakikuwa kibovu. Pure Data inahesabu chaneli 1 hadi 16 kwa kifaa cha kwanza na 17 hadi 32 kwa cha pili. Notein yake, kiboksi kinachopokea noti, haikuandikwa chaneli, kwa hiyo ilisikia vifaa vyote na ngoma ikaendelea. Noteout yake ilituma chaneli 1, na chaneli 1 sasa ilikuwa ya kinanda. Ujumbe wa taa ni noti kama noti nyingine, kinanda kikaupiga. Dawa yake ni fupi: rudisha Launchpad nafasi ya kwanza, au andika 17 kwenye noteout. Lakini huwezi kuitafuta dawa hiyo watu wakiwa wamesimama wanapiga vigelegele. Fanya jaribio la mwisho baada ya kila kifaa cha usiku huo kuchomekwa, si kabla, na baada ya hapo mtu asiongeze waya bila wewe kujua.

Na umeme. Ukikatika kabla jenereta haijashika, kompyuta inabaki na betri, ila Launchpad, kama uliichomeka kwenye hab ya umeme, inaweza kuzima na ikirudi inaweza kuwa imesahau hali ya Programmer. Weka kiboksi kwenye pachi kitakachotuma amri ya kuirudisha kwenye hali hiyo kupitia midiout, kiboksi cha kutuma namba ghafi za MIDI, moja baada ya nyingine. Kwa Launchpad X ni 240, 0, 32, 41, 2, 12, 14, 1, 247. Taa zisiporudi hata hapo, fungua tena mipangilio ya MIDI.

Ukipiga ufukweni mchana, tafuta kivuli, jua la ziwani linafuta rangi zote. Nakala ya pachi weka kwenye flashi, chaji usiiazime, na kinywaji cha mtu yeyote kikae mbali na meza yako.