Daftari la Msomaji: Namna ya Kuandika Ulivyoguswa na Riwaya

Ukimaliza riwaya leo, wiki ijayo utakumbuka jina la mhusika mkuu na kwamba "ilikuwa nzuri". Baada ya miezi michache hata hilo jina litakuwa limekwenda. Mwongozo huu ni wa msomaji wa Lamu, Shela au Matondoni anayesoma riwaya za siku hizi, ziwe za Kiswahili au za Kiingereza, naye anataka kuhifadhi kwa maandishi namna zilivyomgusa.

Kazi yote inasimama juu ya jambo moja: funga kila hisia mahali fulani kitabuni. "Ilinichosha" haikusaidii wewe wala anayekusikiliza. "Ilinichosha kuanzia sura ya nne, pale barua za baba zilipoanza kusomwa nzima nzima" tayari ni uhakiki, kwa sababu mtu anaweza kufungua sura ya nne akakupinga.

Vifaa ni vichache. Nunua kaunta buku ya kurasa 192 yenye jalada gumu. Kila riwaya ikichukua kurasa tatu, itabeba zaidi ya riwaya sitini. Tumia biro ya kawaida au penseli. Kalamu ya jeli huacha wino unaochelewa kukauka kwenye karatasi iliyonyonya unyevu, na huku kwetu karatasi hunyonya unyevu mwaka mzima. Kata vipande vya karatasi vya upana wa sentimita 2 na urefu wa sentimita 12, uvitie ndani ya jalada. Vile vya dukani vyenye gundi viache: joto hulainisha gundi, ikabaki kwenye ukurasa na kukusanya vumbi, na kitabu cha maktaba au cha kuazima hakistahili hayo. Kwenye kitabu cha mtu usiandike kabisa, hata kwa penseli.

Wakati wa kusoma, usiandike daftarini. Ukisimama kila mara kuandika unaanza kuisoma riwaya kama karani. Chomeka kipande cha karatasi tu, na juu yake andika neno moja au mawili ya lililokupata hapo: "nimecheka", "simwamini", "nimerudia", "hapa nimelala". Vipande 10 hadi 12 vinatosha kwa riwaya ya kurasa 300. Ukifika 40, ujue unaweka alama kwenye sentensi nzuri badala ya mahali ulipoguswa, na ukirudi hutajua uanze na kipi.

Anayesoma kwenye simu ana shida nyingine. Nambari za kurasa hubadilika kila anapokuza au kupunguza maandishi, hivyo "uk. 112" ya leo si ya kesho. Andika nambari ya sura na maneno matatu ya mwanzo wa aya. Fanya vivyo hivyo kwa kitabu cha karatasi kilichotoka zaidi ya toleo moja, la sivyo mwenzako mwenye toleo jingine hatapaona unapopasema.

Uandishi wenyewe una vikao viwili, na usiviunganishe.

Kikao cha kwanza ni siku ile ile uliyomaliza, au asubuhi yake. Kitabu kikiwa kimefungwa, andika kwa dakika 15 kila kilichobaki kichwani: sura ya mtu, harufu, kauli, chumba, swali. Usipange. Usitafute majina uliyoyasahau, maana usahaulifu nao unasema kitu. Ikiwa riwaya ina ndugu watatu na wewe umebaki na wawili, huenda mwandishi hakumpa wa tatu kazi yoyote, au wewe ulimruka. Kikao cha pili kitaamua.

Kikao hicho cha pili kije baada ya siku tatu hadi saba. Ukiwahi mno, bado umelewa mwisho wa hadithi, na mwisho mzuri hufunika sura nyingi dhaifu. Ukichelewa wiki tatu, vipande vyako vitakuwa maneno usiyojua uliyaandikia nini. Sasa fungua kila palipo na alama, usome ukurasa mmoja kabla na mmoja baada, ujiulize: ni kitu gani hasa kilichonifanya hivi? Jibu mara nyingi liko kwenye mambo manne. Nani anasimulia na anajua kiasi gani. Mambo yamepangwaje kiwakati. Nini kimefichwa. Watu wanaongeaje.

Tuchukue Paradise ya Abdulrazak Gurnah, iliyotoka 1994 na kutolewa kwa Kiswahili mwaka 2022 kwa jina Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Yusuf, kijana wa miaka 12, anachukuliwa na mfanyabiashara anayemwita ami. Kumbe ni rehani ya deni la baba yake. Ukurasa wa daftari unaweza kuwa hivi:

"Sura ya kwanza. Nilikosa raha mapema mno, kabla Yusuf hajajua lolote, na hakuna aliyepigwa wala kutukanwa. Sababu: msimulizi amekaa begani kwa kijana. Tunaona anachokiona yeye, njaa, treni, mgeni mkarimu anayempa sarafu, lakini sisi tunajua watu wazima hunyamaza hivi wakiwa na la kuficha. Tunaelewa kabla yake na hatuna pa kumwambia. Ningemwazima mtu aliyelelewa kwa jamaa."

Maneno hamsini na kitu, na hakuna muhtasari ndani yake. Muhtasari upe sentensi tatu tu juu ya ukurasa, kisha uache. Kosa kubwa la madaftari ya wasomaji ni kusimulia kitabu kizima upya. Hutokea kwa sababu kusimulia ni rahisi na kunajaza ukurasa. La pili ni ugonjwa wa shule. Waliopitia mitihani ya fasihi nchini Kenya huandika "maudhui", "wahusika" na "mbinu za lugha" hata wakiwa peke yao chumbani, kama kwamba msahihishaji yuko dirishani. Dawa yake ni kuanza kila aya na kitenzi cha nafsi ya kwanza: nilishtuka, niliruka, nilikasirika, nilirudia. Tashbihi na taharuki zitakuja zenyewe kama zina kazi.

Sasa hili la kwetu, nalo linahitaji nafasi. Riwaya ikigusa visiwa vyetu, kama The Dragonfly Sea ya Yvonne Adhiambo Owuor (2019) inayoanzia Pate na msichana Ayaana, msomaji wa hapa hugeuka mkaguzi. Anahesabu mwendo wa boti, anapima upepo, anasikiliza kama wahusika wanasema kama watu wa kwao. Hisia hiyo ni halali, ila hulifunika daftari lote. Zigawe kurasa safu mbili kwa mstari wa wima: kushoto "mahali", kulia "hadithi". Kila kasoro ya mahali iandike kushoto, halafu uulize: nikiirekebisha, hadithi itaanguka? Tuseme riwaya fulani inamtorosha mwizi kwa gari kupitia vichochoro vya Mkomani, mtaa wa kale wa mji wa Lamu. Punda wawili wakikutana humo hupishana kwa shida, basi utoro wote umekufa. Vuta mshale kwenda kulia. Jahazi linalofika kutoka Arabuni mwezi wa Juni likisukumwa na upepo wa nyuma ni kosa vilevile, maana Juni ni kusi, na majahazi hayo yalikuwa yakija na kaskazi. Lakini kama jahazi linapita tu kwa mbali mtu akinywa kahawa, liache kushoto. Mwandishi aliyekosea mti wa uani lakini akajua jinsi watu wanavyonyamaziana msibani amekushinda, kubali.

Riwaya uliyoiacha njiani nayo ina ukurasa. Kanuni ya kawaida ni kuipa kurasa 50, kisha uandike ulipoishia na kwa nini. Kanuni hii haifai kwa Nagona ya Euphrase Kezilahabi (1990), kitabu chembamba na kigumu; kwenye kurasa 50 umekaribia kukimaliza. Hapo andika bila haya "sielewi", ila useme ni wapi hasa kamba ilikukatikia: ni watu, ni wakati, au ni mahali? Isome tena baada ya miezi, ujibu chini kwa rangi nyingine ya biro. Usifute la kwanza.

Kuipima riwaya kwa nyota tano sipendekezi. Nyota tatu za riwaya iliyokuudhi kwa makusudi na tatu za riwaya ya kupitisha muda ni sawa kwa hesabu na si sawa kwa lolote. Mstari wa "ningemwazima nani", kama ule uliofunga ukurasa wa Peponi, hufanya kazi hiyo vizuri zaidi. Ukitaka kuyasema barazani baada ya magharibi, soma aya moja tu ya kikao cha pili, na mwisho wa hadithi usiumwage.

Wakati wa masika usilifungie daftari sandukuni wala kwenye mfuko wa plastiki: unyevu ulio ndani haupati pa kutokea na ukungu huanza kwenye uzi wa katikati. Lisimamishe kwenye rafu yenye hewa, mbali na ukuta, na lianikwe kivulini. Jua kali hupindisha jalada. Mchwa hupanda kwa ukuta, hivyo kagua rafu kila wiki mbili.

Kurasa mbili za mwisho ziwe orodha: jina la riwaya, mwandishi, mwaka wa kutoka, ukurasa wa daftari, na safu ya aliyeazima pamoja na tarehe. Safu hii ya mwisho ijaze kabla kitabu hakijatoka mkononi, hasa kikiwa kinavuka kwenda Mokowe, gati la upande wa bara.