Somo: Sili za ekseli ya nyuma zinazovuja kwenye trekta kuukuu

Ukiona oili inatiririka ndani ya rimu ya tairi la nyuma, usikimbilie kununua sili, yaani pete ya mpira inayozuia oili isitoke kando ya shafti. Mara nyingi sili imeuawa na kitu kingine, na kama kitu hicho bado kipo, sili mpya nayo haitadumu.

Anza na kitundu cha kupumulia juu ya nyumba ya gia. Kwenye trekta la zamani huzibwa na matope na makapi. Oili ikipata moto, hewa iliyomo ndani hutanuka, na ikikosa pa kutokea huisukuma oili kupita kwenye mdomo wa sili. Kioshe kwa dizeli, kipulize hadi hewa ipite bila kukwama. Kisha pima oili trekta likiwa mahali tambarare. Ikizidi alama, punguza. Kuna mivujo inayoishia hapo.

Kama bado inavuja, legeza nati za tairi likiwa chini. Zuia matairi ya mbele, halafu gongomea kabari za mbao pande zote mbili kati ya ekseli ya mbele na fremu, maana ekseli ile hubembea na trekta linaweza kulala upande. Piga jeki, weka stendi chini ya nyumba ya ekseli. Shika tairi juu na chini, litikise. Likicheza, beringi imekwisha: shafti inayoyumba huutanua mdomo wa sili upande mmoja na kuuponda upande wa pili. Tairi lililojazwa maji lina uzito wa kilo mamia, kwa hiyo yatoe maji kwanza au tumia toroli ya matairi.

Mwaga oili, fungua bolti za kifuniko cha ekseli, uvute shafti nje ikiwa imeshikiliwa kwa winchi au kamba. Shimu (vibati vyembamba vya kujazia nafasi) za kila upande zifunge kwa waya na uziwekee alama. Ndizo zinazopima nafasi ya beringi.

Sasa safisha pale sili inaposugulia, upitishe ukucha. Ukucha ukikwama, kuna mfereji, na hakuna sili itakayoziba hapo. Vika bushi nyembamba ya chuma inayotengenezwa kwa kazi hiyo, au ikiwa nyumba ya sili inaruhusu, isogeze sili mpya milimita 2 au 3 ili isugue sehemu nzima. Kutu kidogo inaondoka kwa msasa laini, namba 400, ukiuzungusha kuizunguka shafti. Usisugue kwa urefu, mikwaruzo itapitisha oili.

Namba za sili ni tatu. 65x90x10 maana yake shafti milimita 65, tundu 90, unene 10. Springi inayobana mdomo wa sili hutazama upande wa oili. Mdomo mdogo wa vumbi hutazama nje. Paka grisi kwenye springi pia, isichomoke wakati wa kugonga. Funika meno ya shafti kwa tepu. Ingiza sili kwa kipande cha bomba kinachokalia ukingo wake wote, kwani ikiingia mshazari imeharibika.

Penye kola (pete ya chuma) iliyobana beringi kwenye shafti, toboa kola karibu hadi ndani kisha ipasue kwa tindo, bila kuigusa shafti. Wakati wa kurudisha, kifuniko chenye sili hutangulia, halafu beringi, kola mwisho. Ukisahau kifuniko, utaipasua kola mpya. Kola ipashe moto peke yake. Chuma kikigeuka buluu, moto umezidi.

MASWALI

Naweza kuweka oili nzito zaidi ili isivuje?
Hapana. Matrekta mengi hutumia oili hiyohiyo kwenye haidroliki. Ikiwa nzito, pampu itaivuta kwa shida asubuhi ya baridi, na mfereji wa shafti utabaki palepale.

Nimebadilisha, inavuja tena. Nitajuaje inapitia wapi?
Kausha kabisa, nyunyiza unga wa chaki, endesha dakika chache. Unga ukilowa ukingo wa nje, oili inapita kati ya sili na tundu: safisha tundu, paka gundi ya gasketi kidogo kwenye ukingo tu. Ukilowa karibu na shafti, rudi kwenye mfereji na beringi.

Brekishuu zimelowa. Niziosheje?
Kama breki ni za aina kavu, yaani zisizofanya kazi ndani ya oili, weka mpya pande zote mbili. Petroli husafisha uso tu. Zikipata moto, oili iliyozama hutoka tena, breki moja inashika na nyingine inateleza. Pedali zikiwa zimeunganishwa barabarani, trekta linavutwa upande.

Nati za tairi nikishafunga nimemaliza?
Zikaze tena baada ya saa 1 ya kazi, kisha baada ya saa 8 hadi 10. Rangi na kutu chini ya nati hujibana, na nati iliyolegea hutanua matundu ya rimu.