Chupa inayoacha kuvuja ikianguka

Chukua chupa ya plastiki ya nusu lita. Shika msumari kwa koleo, upashe moto ncha, kisha toboa tundu la milimita 4 ubavuni, sentimita 3 kutoka kitakoni. Ziba kwa kidole, ujaze maji. Usirudishe kifuniko: chupa iliyofungwa haivuji hata ikiwa mkononi, na hapo jaribio limekufa kabla halijaanza.

Weka beseni chini, inua chupa mita 2 juu yake, utoe kidole. Maji yakishachuruzika vizuri, iachie. Mchirizi unakatika papo hapo, maana maji na chupa vinaanguka kwa kasi ileile. Maji ya juu hayana tena uzito wa kuyakandamiza ya chini. Una sekunde 0.64 tu, kwa hiyo rekodi kwa simu, picha 240 kwa sekunde.

Ikiendelea kuvuja, mara nyingi umeizungusha wakati wa kuiachia, na mzunguko hurusha maji nje. Ishike shingoni kwa vidole viwili, uvifungue kwa pamoja.

Sasa irushe juu. Wengi huapa kwamba itavuja ikipanda. Haivuji: ikishatoka mkononi, tayari inaanguka huru, yaani inavutwa na mvutano wa dunia peke yake, hata ikiwa bado inapanda. Kituo cha Anga cha Kimataifa nacho kinaanguka hivyohivyo, ingawa mvutano wa dunia huko, kilomita 400 juu, bado ni karibu asilimia 90 ya huku chini. Humo ndimo mwanaanga Don Pettit alimosugua sindano ya kufumia kwa karatasi ili ipate umeme tuli wa kuyavuta maji, matone ya maji yakaizunguka kama sayari.